Upande wa Konvwayere

Kabla hujaingia chini ya gari, toa funguo kwenye swichi uzitie mfukoni mwako. Usiziweke juu ya dashibodi, na usimpe rafiki anayesema "nimezishika." Zitie mfukoni mwako wewe. Nimefanya kazi ya magari zaidi ya miaka arobaini, Uvira ya Kongo kwanza, halafu huku Uganda, Biharwe na Nyamityobora, na vidole vyangu vyote kumi vipo. Nawajua mafundi wa rika langu wasio na kumi, na wengine wao walinizidi ufundi. Tatizo ni kwamba siku walipokatwa vidole, funguo zilikuwa kwa mtu mwingine.

Ninawaandikia ninyi vijana wa kambi ya Nakivale na wa mji wa Mbarara mnaonunua vigari vyenu vya kwanza, kisha mnakuja uani kwangu kuniuliza kama mtu anaweza kubadilisha mafuta ya injini nyumbani. Anaweza. Sisi tuliotoka Kongo kazi hiyo tunaiita vidanji, ninyi mnaiita savisi, na kwa jina lolote ni kazi ya mtu anayejua kupika maharage. Inataka subira, chombo safi, na kutoondoka kwenda kuzurura. Atakayekuambia ni siri ya mafundi anataka umpelekee gari lako kila baada ya miezi mitatu.

Washa injini dakika tano tu, kisha zima. Mafuta baridi hutoka kwa uvivu na uchafu hubaki ndani, lakini mafuta ya gari lililotoka safari yatakubabua. Nina alama kwenye kiganja cha kulia ninayowaambia wajukuu ni ya vita. Si ya vita. Ni ya Toyota moja iliyofika kutoka Masaka, na mimi nikajifanya shujaa.

Kisha tafuta mahali palipo sawa. Hili wengi wanalidharau. Pale Nyamityobora alikuja mwalimu mmoja, mtu mpole kabisa, akalalamika kwamba gari lake lina maajabu. Akipima mafuta asubuhi nyumbani, yamepungua. Akipima mchana shuleni, yamejaa. Alishafikia hatua ya kumshuku jirani, ingawa hakuweza kueleza ni jirani gani anayeiba mafuta usiku halafu anayarudisha shuleni mchana. Nilimfuata mpaka kwake. Gari lililala mlimani, pua juu. Nikamwambia asogeze mpaka barabarani apime tena. Alipima, yakawa yamejaa, akanikaribisha chai.

Ukishapata mahali pa sawa, pandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao mbili nene, weka mawe nyuma ya yale mengine, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua kifuniko cha juu ili injini ipumue. Weka beseni chini. Legeza bushoni, yaani ile bolti ya kutolea mafuta, kwanza kwa spana, kisha kwa vidole, na vuta mkono haraka inapotoka. Acha mafuta yatoke mpaka yawe tone moja moja, na usikae hapo kuyaharakisha kwa macho.

Wakati wa kurudisha bushoni ndipo wenye nguvu wanapoharibu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Gereji ya Biharwe ilikuwa ya mama mmoja Mnyankole, mwenyeji wa huku, aliyevaa gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, na kujua sauti ya kila injini ya barabara ile. Wiki yangu ya kwanza kwake, nilitaka aone kwamba mtu wa Kongo ana mikono, nikachomeka bomba refu kwenye spana, nikakaza bushoni mpaka meno ya ndani yakakatika. Yule mama aliinama, akatazama, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha biashara, "Fundi, wewe nafunga bolti ama nafunga jela?" Mafundi wenzangu walinitania kwa swali hilo mwaka mzima. Kaza mpaka ikatae, ongeza kidogo tu, acha.

Filta nayo ina hila yake. Ukitoa ya zamani, hakikisha mpira wake umetoka nayo. Mpira ukibaki juu ya injini na ukaweka filta mpya yenye mpira wake, umeweka miwili, na mafuta mapya yote yataruka nje ukiwasha. Paka mpira mpya mafuta kwa kidole, kaza filta kwa mkono. Spana ni ya kuitoa tu.

Zamani tulikuwa na pipa moja la mafuta mazito, na kila kilichokuja kilipata yale yale, lori, taksi na gari la padri. Leo kila injini ina mafuta yake, na mengine ni mepesi ambayo Fundi Bilali angeyaita maji. Soma kitabu cha gari, au soma juu ya kifuniko pale unapomimina. Na sasa mna video kwenye simu. Sizichukii. Ila tazameni usukani wa mtu wa kwenye video uko upande gani kabla hamjamfuata. Nina sababu ya kusema hivyo, na sababu yenyewe inaniuma mpaka leo.

Nianze na huyo Fundi Bilali. Ndiye aliyenifundisha kazi Uvira, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Katika gereji yake ilikuwa marufuku kutamka kulia au kushoto. Fikirini wenyewe: ukiingia chini ya gari kwa mbele, mkono wako wa kushoto uko upande mmoja, ukiingia kwa nyuma, uko upande wa pili. Mtu aliyesimama akikuambia "fungua ya kushoto," je, ni kushoto kwake, kwako, au kwa gari? Mafundi wake wawili waliwahi kubishana hivyo, mmoja juu, mmoja chini, mpaka wakakata bomba la breki lililokuwa zima wakaacha bovu. Tangu hapo akaweka sheria.

"Chini ya motokari hakuna kuume wala kushoto," alikuwa akitwambia. "Kuko kwa shofere na kuko kwa konvwayere."

Konvwayere ni yule msaidizi wa dereva, anayepakia mizigo na kukusanya nauli, na kiti chake ni kile cha pili cha mbele. Kwetu Kongo, kama Burundi, magari hutembea upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo shofere, yaani dereva, hukaa kushoto na konvwayere kulia. Na zile Toyota ndogo, ambazo ndizo hizi hizi mnazonunua ninyi, injini yake imelazwa kwa ubavu: injini upande mmoja, giaboksi upande wa pili. Chini kuna bushoni mbili, moja ya kila upande, na anayeanza kazi huzichanganya. Basi Fundi Bilali alitukaririsha kama katekisimu: injini kwa konvwayere, giaboksi kwa shofere. Niliyasema maneno hayo mara nyingi kuliko jina la mama yangu.

Nilipovuka kuja Uganda, sheria ile niliendelea nayo bila kuiangalia tena. Huku dereva anakaa kulia. Lakini kumbukeni, ni usukani tu uliohama. Injini iko pale pale ilipokuwa Uvira. Mimi nilikuwa ninalala chini, mkono unakwenda wenyewe mahali pake, hakuna aliyehitaji kuniambia wala mimi kumwambia mtu. Miaka yote hiyo sikukosea hata mara moja. Mikono yangu ilihamia Uganda. Mdomo wangu, bila mimi kujua, ulibaki Uvira.

Kisha magoti yakachoka. Daktari alinikataza kuchuchumaa, nikarudi kambini Nakivale kwa mke wangu na shamba, na kazi ya mikono nikaigeuza kazi ya mdomo. Watu walikuja kuuliza, mimi nikawaeleza nikiwa kwenye kiti. Nilipenda sana. Mzee anayeulizwa maswali hunenepa.

Kati ya walioniuliza alikuwa Goreth. Huyu ni Mrundi, mama wa watoto watatu, mjane, ana duka la sabuni na nguo Rwekubo. Alikuwa ameuza mbuzi zake zote na cherehani ili apate gari lile, Toyota ya zamani ya otomatiki, rangi ya fedha iliyofifia. Siku za soko alilipakia maharage na mihogo kupeleka Mbarara, akirudi na bidhaa. Gari likisimama, duka linasimama, na duka likisimama, watoto wake wanarudi kungoja mgao wa kambi. Hilo alilisema wazi kila alipokuja kwangu. Alikuwa amewahi kupeleka gari gereji moja mjini, akaambiwa mafuta yamebadilishwa, lakini hakuona kilichotoka wala kilichoingia, na moyo wake haukutulia. Alitaka kujua kuifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa macho yake.

Nilimwahidi nitakwenda Rwekubo kukaa naye siku ya kwanza. Siku ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, njia ilikuwa tope, na mimi nilikuwa na chai. Akanipigia simu kuuliza kama niko njiani. Kesho yake ilikuwa soko, alitaka gari liwe tayari.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, ninyi mnaonisifu. Nilimwambia kazi ndogo namna hiyo haihitaji miguu yangu. Nilimwambia naweza kuifundisha nikiwa nimefumba macho. Ashike simu na kufuata.

Akafuata. Nilimtajia mbao, mawe, funguo mfukoni, beseni lililooshwa vizuri, yote sawasawa. Kisha nikamwambia bushoni ya injini iko kwa konvwayere.

"Kwa konvwayere," akarudia, kama nilivyomfundisha, ili nijue amesikia.

Mnyankole angeniuliza konvwayere ni nani, na swali hilo lingetuokoa. Lakini Goreth alikulia Bujumbura. Konvwayere anamjua kama anavyomjua mwimbaji mwenzake wa kwaya: ni mtu anayekaa kando ya dereva. Akatazama gari lake, akaona usukani uko kulia, akaenda kushoto. Tulielewana vizuri kabisa, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Baada ya muda akapiga tena. Spana namba kumi na nne niliyomwambia atumie ilikuwa inakataa, bolti ile ilikuwa na shimo la pembe sita katikati. Gari lenyewe lilikuwa linapiga kelele kwamba tumekosea. Nami nikamwambia magari ya zamani hubadilishwa bolti ovyo, aazime ufunguo utakaoingia. Chombo kikikataa, vijana, simameni. Chombo hakina kiburi. Mwenye kiburi siku ile alikuwa anakunywa chai.

Saa moja na kitu ikapita. Akapiga mara ya tatu, sauti yake imechangamka. Alikuwa amefunga bushoni, amebadilisha filta, amemimina kidumu kizima cha lita nne, na anaharakisha kulitoa gari uani kabla mvua haijarudi, kijiti cha kupimia angekipima barabarani palipo sawa. Kisha akaongeza jambo moja, akicheka.

"Na muzee, tuliyatoa bure. Mafuta ya zamani yalikuwa bado mazuri. Mekundu kama mawese. Nimeyaweka kwenye kidumu, siwezi kuyatupa."

Mafuta ya injini huingia yakiwa rangi ya asali na hutoka meusi. Mekundu ni ya giaboksi. Mara moja niliona kila kitu, kama mtu aliyewashiwa taa usoni: giaboksi imebaki karibu tupu, na injini ina mafuta yake ya zamani yote pamoja na lita nne mpya juu yake. Nikamwambia asiwashe. Lakini salio lake lilikuwa limekwisha, nilikuwa ninaiambia simu iliyokatika. Nikapiga mimi, haikupokelewa. Nikapiga tena. Mke wangu aliniuliza kuna nini, nikatoka na kandambili kutafuta boda.

Njia ya kwenda Rwekubo siku ile niliiona ndefu kuliko ile ya kutoka Uvira. Kijana wa boda alikuwa anapangua tope kwa uangalifu, na mimi nyuma yake nilikuwa ninahesabu. Giaboksi ya otomatiki isiyo na mafuta ya kutosha haivumilii. Dakika kadhaa za kulazimishwa mlimani, kwisha. Na giaboksi nyingine Goreth hakuwa na kitu cha kuuza ili aipate. Niliogopa. Sikuwa nimeogopa hivyo kwa ajili ya kazi tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Gari nililikuta mwanzo wa kilima cha kutokea Rwekubo, mbele ya duka la dawa, limeshindwa kupanda, limezimwa, moshi wa buluu wa mafuta yaliyozidi bado unaelea. Watu walikuwa wamelizunguka, wenye minibasi, wanawake wa sokoni, kila mtu na ushauri wake. Goreth alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono yake imejaa mafuta, ameikunja mapajani kama mtu aliyeko msibani. Mbele yake alisimama Amos, fundi wa pale, Mnyankole mwenye mdomo mrefu ingawa mkono wake ni mzuri. Alikuwa amekwisha kuhukumu.

"Nyabo, mama, giaboksi kwisha," alimwambia. "Hii kazi nani nafundisha wewe?"

Goreth aliinua macho, akaniona ninashuka kwenye boda. Tulitazamana. Kisha akaangalia mikono yake.

"Nimejifundisha mwenyewe," akasema. "Nimekosea."

Niliyoyasikia moyoni wakati ule siwezi kuwaandikia vizuri. Yule mama alikuwa anapoteza riziki yake, na bado alinifunika mimi, kwa sababu mimi ni mzee na mzee haaibishwi mbele ya watu. Nami nitawaambia ukweli wote: kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu, nilinyamaza. Nilikuwa na jina. Kambi nzima ilinijua kama fundi asiyekosea. Mlango ulikuwa wazi, Goreth mwenyewe ndiye aliyeufungua, ningeweza kuupita nikawa nimekuja kumsaidia tu kama jirani mwema. Pumzi tatu si nyingi, lakini ninazikumbuka zote.

"Hajakosea yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilimwambia kwa simu bushoni iko kwa konvwayere. Amefanya vile nilisema, hakupunguza kitu."

Amos akauliza konvwayere ni kitu gani. Nikamweleza. Akatazama usukani, akatazama kiti cha pili, akahesabu kwa kidole kama mtu anayetafuta njia kwenye ramani, halafu akaelewa. Alicheka mpaka akashika kioo cha gari. Na watu wote wakacheka, kwa sababu aliwatafsiria kwa Kinyankole na akaongeza chumvi. Nilisimama pale na kandambili zangu nikachekwa. Iliuma, ila Goreth alinyanyuka kwenye gunia, na mgongo wake ukanyooka.

Nimwandikie Amos haki yake: alipomaliza kucheka alileta mbao zake mwenyewe na ufunguo wake wa pembe sita. Alitaka kuingia chini. Goreth akamkatalia kwa upole, akasema gari ni lake na ameshachafuka tayari. Akalala juu ya gunia lake, akaingia.

Mimi nilikaa juu ya kidumu kitupu kando ya gurudumu. Safari hii sikutaka kusikia habari za kulia, kushoto, shofere wala konvwayere. Nilimwambia upande wa duka la dawa na upande wa barabara, vitu ambavyo hata yeye kule chini aliweza kuviona. Tukaanza upande wa barabara, ndio wa injini. Spana namba kumi na nne ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Mafuta yalitoka meusi yenye povu. Hakukuwa na mengine mapya pale, kwa hiyo tukayaacha yatoke kidogo kidogo, yeye akiziba kwa kidole na Amos akipima kijiti, mpaka yakashuka kwenye alama. Si vidanji, ni kuokoa tu.

Yale mekundu yakaletwa na kidumu chake. Kwa kuwa beseni lilikuwa limeoshwa na kidumu kilikuwa kisafi, tuliyachuja kwa kitambaa kipya kutoka dukani kwake, tukayarudisha kwa mrija wa kijiti cha giaboksi, pole pole. Usifanye hivyo ukiwa na pesa ya mafuta mapya na duka la vipuri karibu. Sisi tulikuwa na kitambaa.

Kabla hajatoka chini, Goreth aliomba aletewe rangi ya kucha kutoka dukani. Tukadhani amechanganyikiwa. Akapaka bushoni ya injini, kichwa chote, nyeupe inayong'aa. "Sasa hata konvwayere ataiona," akasema kutoka kule chini, na hapo na mimi nikacheka.

Akanawa, akakaa kwenye usukani. Nikamwambia awashe, akanyage breki, aweke gia. Akaweka. Gari halikufanya kitu. Nilikuwa nimeshika mlango. Amos akainama kutazama magurudumu. Tukangoja, na hakuna aliyethubutu kusema angoje kiasi gani. Kisha gari likainamisha pua kidogo, kama mbuzi aliyesikia kamba ikivutwa, na Goreth alipolegeza breki likaanza kupanda kilima. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele. Mimi nilikaa tena juu ya kidumu.

Kesho yake alikwenda soko. Juma lililofuata Amos alimbadilishia mafuta yote ya giaboksi, kwa mapya. Lakini msidhani tulitoka bila jeraha. Mpaka leo, asubuhi za baridi, gari lile likiwekwa rivasi husita kidogo kabla ya kurudi nyuma. Dereva mwingine hatalisikia hilo. Mimi nikilisikia najua ni neno langu linalosita mle ndani.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ya kufundisha. Sisemi chochote kabla sijakuuliza wewe unaona nini mbele yako. Ukiniambia umeona bolti yenye shimo la pembe sita, hapo ndipo tunaanza kuzungumza. Nawaambia pia mpake rangi ya kucha. Amos anaipaka kwenye kila gari linalopita kwake, na anadai ni wazo lake.

Miezi mitatu ilipokaribia kwisha, nikaanza kungoja simu ya Goreth, kwa maana nilijua wakati wa mafuta yake umefika. Nilichaji simu, nikaweka salio la kutosha pande zote mbili, langu na lake. Nikachukua karatasi, nikaandika hatua zote kwa maneno safi, nikahakikisha hakuna neno hata moja la Uvira ndani yake. Ilinichukua jioni mbili. Jumatatu hakupiga. Jumanne, kimya. Jumatano nilimwuliza mke wangu kama simu yangu inafanya kazi.

Alhamisi akaja mwenyewe. Alisimamisha gari nje ya ua, akashusha kidumu cha lita tano, akakiweka miguuni pangu.

"Muzee, nimekuletea mafuta niliyoyatoa asubuhi, ya kupaka miti ya uzio," akasema. "Mchwa inakumalizia."

Nikafungua kifuniko. Meusi ti. Nikachovya kidole, nikayasugua kwa gumba nikitafuta chembe za chuma. Hakukuwa na hata moja. Nikanusa, hakukuwa na harufu ya kuungua. Nikainama pale nilipokaa nikatazama chini ya gari lake, palikuwa pakavu. Sitawaficha, nilitafuta kwa bidii kitu cha kumsahihisha, na miaka arobaini yote ilikuwa inatafuta pamoja nami. Yeye alikuwa amekwisha kukaa kwenye mkeka na mke wangu, wanaongea habari za komunyo ya kwanza ya binti yake.

Nikatoa ile karatasi mfukoni, nikafutia kidole.